Sanduku la Mtaa na Ufunguo wa Mtani

Siku alipofariki nilikuwa mezani, naandika jibu kwa wasomaji wa safu hii walioniuliza kwa nini kompyuta ya nyumbani hujizima yenyewe bila kuombwa. Nilikuwa nimefika sehemu ya joto na vumbi wakati jirani alipopiga hodi kuniambia kwamba mzee wa nyumba ya kona, hapa kwetu Tandika, ameaga dunia alasiri ile, akiwa ameketi barazani anangoja kahawa ichemke. Nilivaa kanzu nikaenda. Niliporudi, nikalisoma jibu langu upya na kuona kwamba mfano niliokuwa nimeutumia tangu mstari wa kwanza ni kompyuta yake yeye. Nikalifunga. Arobaini yake tumeisoma Ijumaa iliyopita, na sasa naona naweza kulijibu swali lenu kwa njia nyingine, ndefu kidogo.

Marehemu alikuwa karani wa stoo bandarini mpaka alipostaafu, na kompyuta ya mezani aliyoinunua baada ya hapo ilikuwa ya kwanza katika nyumba yake na ya mwisho. Mkewe ni mfumaji hodari. Katika nyumba ile kila kilichosimama kilivaa kitambaa cha kufuma: redio, meza, migongo ya viti, hata jagi la maji. Kompyuta ilipoingia haikuachwa uchi. Ilifumiwa vazi kamili, la kichwani, la ubavuni na la nyuma, lenye maua mekundu kwenye pembe, na vazi hilo la nyuma liliziba matundu yote ambayo mashine hupitishia hewa. Kwa hiyo ilikuwa ikiwashwa asubuhi, inafanya kazi kwa muda, inapumua kwa sauti ya mtu aliyepanda ngazi, kisha inazimika. Niliitwa kama mtaalamu. Nikaona tatizo mara moja, nikamweleza.

"Mzee, mashine hii inatoa joto hapa nyuma. Ukipaziba, joto linabaki ndani. Likizidi, inajizima isije ikaungua."

"Inajizima kwa adabu," akanijibu. "Imechoka. Wewe ukichoka hulali?"

"Basi tuivue kitambaa inapofanya kazi, tuivishe ikilala."

Akageuka kutazama mlango wa uani, akashusha sauti. "Bwana mdogo, mama yenu kakifuma hicho Ramadhani nzima. Kivue wewe. Mie sipo, nimekwenda msikitini."

Sikukivua. Tulifikia muafaka ambao sijawahi kuupendekeza kwa msomaji yeyote: feni pekee ya sebuleni ikahamishiwa nyuma ya kompyuta, na kuanzia hapo mgeni yeyote aliyeingia nyumba ile mwezi wa Januari alikuta mwenyeji anatiririka jasho na mashine imekaa kwenye upepo kama bwana harusi.

Lakini mtaa haukumjua kwa kompyuta. Ulimjua kwa sanduku. Wenye umri wangu mtakumbuka kwamba zamani sanduku la posta halikuwa la mtu mmoja. Lilikuwa la shule, la msikiti, la ofisi ya shemeji, na sisi wengine tulipata barua zetu kwa kupitia kwao. Mtaa wetu ulitumia sanduku la ofisi yake bandarini. Ndugu zetu walioko Kilwa, Tanga na Uarabuni waliandika jina la mwenye barua, chini yake jina la karani, kisha namba ya sanduku, na barua ikafika. Jioni akitoka kazini alizigawa mlango kwa mlango. Alipostaafu, sanduku lile likabaki ofisini, na kwa miaka kadhaa mtaa ukawa hauna anwani. Kisha akanunua kompyuta, mpwa wake mmoja akamfungulia akaunti ya barua pepe, na Ijumaa iliyofuata, watu walipokuwa wakitafuta viatu vyao nje ya msikiti, akatangaza kwamba sanduku limerudi.

Hakutania. Katika akili yake ile ilikuwa ni anwani, na anwani ni ya mtaa. Aliyeomba kazi aliandika barua pepe ya mzee. Aliyeomba chuo, aliyesajili kikundi cha kina mama, aliyeagiza kipuri cha cherehani, wote waliandika hiyo hiyo. Kila asubuhi alilifungua sanduku, akatazama kilichoingia, akalifunga kabisa kwa kujitoa kwenye akaunti, kwa sababu sanduku haliachwi wazi, kisha akavaa kofia na kuzunguka. Hakusimulia barua ya mtu barabarani. Alikuwa akikukuta anakwambia maneno matatu tu, "Barua yako imekuja," nawe ulitakiwa kufika nyumbani kwake, uketi, unywe maji, ndipo uisome mwenyewe. Alisisitiza kwamba hasomi barua za watu. Anazipitia tu.

Nilijaribu kumshauri. Nilimweleza kwamba akaunti hizi ni za bure, kila mtu anaweza kuwa na yake, na ni vizuri iwe hivyo, kwa usalama na kwa siri.

"Wewe unazo ngapi?" akaniuliza.

"Tatu."

"Zote unazifungua?"

Nikamwambia moja nilisahau neno la siri, na nyingine huitumia mara chache.

"Umeona? Barua ya mtu ikienda kule si itaoza? Kwangu haiozi barua."

Na kweli hazikuoza, kwa sababu aliziweka kwenye diski. Kila nyumba ilikuwa na diski yake, ndani ya bahasha yenye jina la baba au mama wa nyumba, na alipokosa tupu alifunga safari kwenda Kariakoo kuchagua. Nilimsindikiza mara moja tu na ilitosha. Muuzaji wake alikuwa Mwarabu mmoja ambaye duka lao lilianza na vitambaa, likaja kaseti, likaja diski, na sasa linauza vioo vya simu huku diski zikiwa zimesogezwa juu karibu na dari. Marehemu alizishusha, akaziinua moja moja kwenye mwanga wa mlangoni, akazikwangua pembeni kwa ukucha, akazitikisa karibu na sikio, mwishowe akazinusa.

"Mzee wangu," muuzaji akamwambia, "hizo sidii, si samaki, si changu wala pono. Hainuswi sidii."

"Ya jana uliyoniuzia ilinuka rangi."

"Ya jana ni ya mwaka juzi, na uliinusa hivyo hivyo ukasema nzuri."

"Basi nilikuwa na mafua."

Kwa faida ya wasomaji ambao bado mnachagua diski tupu, naomba niseme kwamba harufu haina maana yoyote. Tazama upande unaoandikwa uwe na rangi iliyoenea sawasawa bila madoa, nunua chache kwanza uzijaribu, na unapoiandika punguza kasi ya mashine hata kama unaona inachelewa. Katika jambo moja, hata hivyo, tulikubaliana yeye na mimi. Muuzaji alimletea zile zinazofutika na kuandikwa upya, bei yake juu kidogo, akamsifia kwamba ni za kudumu. Marehemu akazirudisha bila kuzinusa. "Hizi ni ubao wa chuoni," akasema. "Barua ya mtu haiandikwi kwenye ubao."

Sasa nifike kwenye msiba wenyewe. Siku ile aliyofariki, alipotoka kuswali adhuhuri, alikutana na binti wa jirani yetu aliyemaliza masomo ya uuguzi na ambaye kwa muda mrefu alikuwa ameomba kazi kila palipotangazwa. Akamwambia, "Barua yako imekuja. Pita baada ya alasiri." Alasiri ilipofika ndiyo ikawa hivyo tena. Kwa hiyo mtaa mzima ulijua kwamba barua ya binti ipo, imo sandukuni, lakini hakuna aliyejua inasema nini. Inaweza kuwa imemkataa. Inaweza kuwa imemwita kwenye usaili, na kama imemwita, ni lini na wapi? Binti alizika pamoja na wengine kwa kupika na kuosha vyombo. Kesho yake baada ya mazishi, akanijia pale chini ya turubai.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Pole."

"Asante. Baba, najua si wakati wake. Lakini mie naogopa hiyo siku isije ikapita."

Mjane, ambaye alikuwa ndani na hakuweza kutoka kwa ajili ya eda, alituma ruhusa kabla hatujamwomba: marehemu mwenyewe angetaka barua ifike. Tukaitafuta kompyuta. Kama ilivyo desturi, sebule ilikuwa imeondolewa kila kitu ili kina mama wapate kukaa, na kompyuta ilikuwa imebebwa hadi stoo ya jirani ikiwa imevaa vazi lake lote. Tulipoichomeka ikatoa mlio mmoja, ikanyamaza. Hata kwa feni haikurudi. Nikaenda nyumbani kuleta kompyuta yangu mpakato, nikaketi mkekani, nikafungua ukurasa wa barua pepe, nikaandika anwani ambayo mtaa mzima unaijua kwa moyo. Kisha ukurasa ukaniomba neno la siri.

Hapo lazima nimtaje mtani wake. Ni Mnyamwezi, muuza mkaa wa mtaa wa pili, na kwa kuwa marehemu alikuwa Mzaramo, wawili wale walikuwa na haki ya kutukanana, wakaitumia kwa uaminifu. Tangu asubuhi mtani alikuwa amevaa kofia ya marehemu na miwani yake, ameketi katikati ya waombolezaji na kipande cha ubao mapajani, anakigonga kwa kidole kimoja na kutaja herufi kwa sauti nzito, moja moja, kama mwalimu wa chuo anayesomesha watoto alifu na be. Wazee walikuwa wanajifuta machozi ya kicheko. Mimi, ambaye nimeandika katika safu hii sijui mara ngapi kwamba neno la siri lisitamkwe mbele ya watu, nilichelewa kuelewa anachokiigiza.

"Hicho ndicho alichokuwa anakiandika?" nikamuuliza.

"Bwana wee! Kila asubuhi dirisha wazi. Mie napita na baiskeli ya mkaa namsikia. Hata mbuzi wa kule kona wanalijua."

Binti akakimbia ndani kuhakikisha kwa mjane, akarudi. "Bibi anasema ni hilo hilo, kapatia. Ila mwisho kuna fimbo na kokoto chini yake."

Nikafikiri kidogo. Alama ya mshangao. Nikaiweka, na mlango ukafunguka nusu. Kwa kuwa mashine yangu ilikuwa ngeni, ukurasa ukasema kwamba umetuma namba za uhakiki kwenye simu inayoishia na sifuri na saba. Binti akaenda tena ndani: simu ya marehemu haiishii hivyo, wala ya mjane. Nikatangaza pale mkekani, kila mtu akatoa simu yake kuitazama kana kwamba namba ingeweza kuwa imebadilika tangu jana. Wakati huo huo kukasikika mlio kutoka mfukoni mwa mtani.

Akaitoa simu, akaisogeza mbali na miwani isiyokuwa yake, akasoma. Kisha akapiga paja.

"Kumbe ndio huu ufunguo wa akiba! Aliniambiaga, mtani, nimekupa ufunguo wa akiba wa sanduku. Mie nikaenda nikajaribu mlango wa jiko, nikajaribu wa banda la kuku, yote imegoma. Nikajua Mzaramo kanitapeli kama kawaida yake."

"Sasa kwa nini akupe wewe?" mzee mmoja akauliza.

"Nilimuuliza hivyo hivyo. Akanambia, mwizi wa kawaida anaiba kimya. Mtani akikuibia anatangaza mpaka sokoni."

"Naomba hizo namba, mzee," nikasema.

"Haraka ya nini? Mwenye msiba ni mie."

"Muda wake ni mfupi. Ukipita, hazifai tena."

"Hata wa kwake umepita na bado tumekaa hapa tunamngoja."

Turubai zima likaangua kicheko. Nilitazama saa. Najua desturi: mtani msibani hatoi kitu bila kupewa kitu, anaweza hata kulizuia jeneza, na hakuna mtu mwenye haki ya kumkasirikia. Lakini desturi hiyo ilitungwa kabla ya namba za uhakiki. Binti akapiga magoti mbele yake. Hakucheka.

"Babu, ni barua yangu. Sijui wananitaka lini, sijui wapi. Pengine ni kesho."

Mtani akamtazama juu ya miwani. Nilidhani angeachia papo hapo, lakini mtani wa kweli haachii, anapunguza tu bei. Akaninyooshea kidole mimi. "Huyu bwana kompyuta yake imekuja msibani kichwa wazi. Haina haya? Ivalishwe kwanza."

Nikaanza kueleza habari ya matundu ya hewa. Hakuna aliyenisikiliza. Kutoka ndani mjane alikuwa amekwisha kutuma kitambaa, kile cha kichwani chenye maua mekundu, na binti mwenyewe akakitandaza juu ya kioo cha kompyuta yangu kikaning'inia pande zote mbili kama ushungi. Mtani akaridhika, akasoma namba, na ukurasa ukanijibu kwamba zimekwisha muda wake. Nikaomba nyingine. Simu ikalia. Safari hii alizisoma bila kungoja, kwa ile sauti nzito ya marehemu, tarakimu moja moja, mbele ya waombolezaji wote, na sanduku likafunguka.

Barua ilikuwa ya juu kabisa. Ilitoka hospitali moja ya Kigamboni. Ilimwita binti kwenye usaili, na siku yenyewe ilikuwa kesho yake asubuhi. Binti akaisoma mwenyewe, ameketi, kama utaratibu ulivyotaka, na mtu akamletea maji. Halafu akasema, "Baba, mbona chini kuna nyingine?"

Chini yake kulikuwa na jibu. Marehemu, aliyekuwa akizipitia tu barua za watu, alikuwa amelituma siku ile aliyofariki, kabla ya kuondoka kwenda msikitini. Nilisoma kwa sauti kwa sababu waliniomba. Aliwasalimu, akawaombea afya, akasema barua yao imefika salama na mwenyewe atakabidhiwa leo. Akaeleza kwamba binti huyo ni wa jirani, ana adabu, anaamka mapema, na marehemu bibi yake aliuguzwa naye mpaka dakika ya mwisho. Atavuka kwa daraja, si kwa pantoni ya kungoja foleni, kwa hiyo hatakuwa na kisingizio cha kuchelewa. "Nitamsindikiza mwenyewe," alimalizia, kisha akaandika jina lake na, chini ya jina, Karani.

Hakuna aliyecheka. Mtani akaivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shuka lake, akairudisha usoni. Kwa mara ya kwanza siku ile akazungumza bila utani.

"Sasa yeye hayupo. Nani atamsindikiza?" Akatazama huku na huku, kisha akaigonga kofia ya marehemu pale kichwani pake. "Haya. Karani keshatoa neno. Asubuhi na mapema, binti. Ukichelewa nakuacha."

Wakaenda, binti na vyeti vyake, muuza mkaa na kofia isiyo yake. Nimeambiwa kwamba pale mapokezi alijitambulisha kuwa ndiye aliyeandika ile barua, na alipoulizwa kama yeye ni karani akajibu kuwa amerithi.

Nimewaza mengi tangu siku ile. Mtaa wetu sasa una simu nyingi kuliko milango, na karibu kila simu ina akaunti ambayo mwenyewe hajui alifunguliwa na nani. Binti nimemfungulia ya kwake, na vijana wengine kadhaa, na bado nawashauri nyote kwamba kila mtu awe na yake, na neno la siri lisitajwe dirishani. Sibadilishi ushauri huo. Lakini tuliposoma arobaini mjane alizitoa zile diski ndani ya bahasha zake, akampa kila mtu ya nyumba yake, nami nikawa naona watu wanazigeuza mkononi bila mahali pa kuzichomeka. Mmoja amekwisha kuitundika kwenye bajaji yake. Nimetoa tangazo msikitini kwamba mwenye diski aniletee niihamishe kwenye simu yake, na hadi sasa zote nilizojaribu zinasomeka. Pengine ni kwa sababu aliziandika polepole. Watu wa mtaa wanasema ni kwa sababu alizinusa.

Jibu la hospitali nalo lilikuja, siku hiyo hiyo ya arobaini, kwenye sanduku lile la zamani, maana ndiyo anwani waliyokuwa nayo. Sanduku sasa linafunguliwa kila asubuhi na mtani, nyumbani kwangu, kwa idhini ya mjane, mpaka barua za watu zitakapokwisha kuhamia kwao. Alitoka mbio na kofia ile, akamkuta binti ameinamia sinia la pilau. Hakumwambia amepata kazi, ingawa alikuwa amepata. Alimwambia maneno matatu tu, akamngoja anawe mikono, aketi, anywe maji.

Kwa hiyo, wasomaji wangu, kompyuta yako ikijizima yenyewe, tazama kwanza kama umeiziba hewa. Na ile sehemu ambayo nyote mnairuka, pale akaunti inapokuomba namba ya simu ya akiba, usiandike laini yako ya pili iliyolala kwenye droo. Andika ya mtu ambaye una hakika atakuja mazikoni kwako, na kwamba akija hataweza kunyamaza. Mimi nimeandika inayoishia na sifuri na saba. Mwenyewe amekubali kwa sharti moja, na ndiyo maana ninapomaliza mstari huu na kuizima kompyuta, nakitandaza juu yake kile kitambaa chenye maua mekundu.